Nani aliwafundisha wachoraji wa Ulaya?

Mwaka 1887, akiwa Paris, Vincent van Gogh alinakili kwa rangi ya mafuta chapa mbili za mbao za msanii wa Kijapani Hiroshige, mojawapo ikiwa ile ya mvua ya ghafla juu ya daraja la Ohashi mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Kisa hicho hutajwa kila mara kuthibitisha kwamba wachoraji wa Ulaya waliwageukia Hiroshige na Mjapani mwenzake Hokusai kama walimu. Ni kweli, lakini walimu walikuwa wengi zaidi. Hiroshige hakushika patasi. Alichora kwa brashi kwenye karatasi nyepesi, karatasi hiyo ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri, na mchongaji akaikata pamoja na ubao hadi mchoro wa awali ukapotea kabisa. Kila mstari wa mvua ile ni ukingo mwembamba wa mbao uliobaki umesimama baada ya mchongaji kuondoa mbao za kushoto na kulia kwake. Wingu zito lililo juu ni kazi ya mchapaji: aliipangusa rangi kwa mkono kwenye ubao wenye unyevu ili ififie taratibu, na ndiyo sababu nakala moja haifanani sawasawa na nyingine.

Wapo watakaosema kwamba fundi hufuata tu mchoro, na kwamba walichokipenda Wafaransa ni jicho la msanii: mti uliokatwa na ukingo wa picha, upeo wa macho uliopandishwa juu. Hoja hiyo ina uzito, na katika upangaji wa picha sifa ni ya Hiroshige. Lakini rangi tupu isiyo na kivuli, iliyozungushiwa mstari thabiti, ilitokana na ubao wenyewe, maana kila rangi ilikuwa na ubao wake. Litazame bango la Moulin Rouge, ukumbi wa burudani wa Paris, alilolitengeneza mchoraji Mfaransa Toulouse-Lautrec mwaka 1891, ambamo umati wa watazamaji ni doa moja jeusi. Lilichapwa kwa jiwe, na jiwe humruhusu msanii kutia vivuli vyote anavyotaka. Lautrec aliviacha. Aliiga tabia ya mbao, na tabia hiyo ilikuwa imenolewa kwa vizazi katika karakana za Edo na watu waliolipwa kutengeneza bidhaa ya bei nafuu.

Pingamizi jingine ni kwamba Wajapani wenyewe waliweka jina la msanii mbele, hivyo Ulaya haina lawama kwa kuwasahau mafundi. Hata hivyo chapa kadhaa za miaka ya 1850 zina mhuri wa mchongaji, na jina la mchapishaji, aliyetoa mtaji na kuagiza kazi, ni la kawaida kabisa. Aliyetaka kuona aliweza kuona. Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Paris, aliona. Baada ya maonyesho makubwa ya chapa za Kijapani ya mwaka 1890 katika shule ya sanaa ya École des Beaux-Arts, alitengeneza chapa kumi za rangi kwa mabamba ya shaba, na chini yake akaandika kwa mkono kwamba zimechapwa na msanii pamoja na Bwana Leroy, mchapaji wake.