Ushuru wa Gari Ulipwe Mara Moja

Wadigo na Wasegeju waishio pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, penye Horohoro na Lungalunga, huoana, huzikana na kurithiana, wala hapana mtu aonaye ajabu kijana wa Vanga akiposa Moa. Lakini gari, ambalo kwa raia wa kawaida ndilo mali kubwa baada ya nyumba, likivuka mpaka huo kwa kuuzwa au kwa kutolewa hidaya, huhesabiwa kama kwamba limeshushwa leo kutoka melini. Ushuru uliokwisha kulipwa katika bandari ya Mombasa hausemi neno mbele ya afisa wa forodha wa upande wa pili. Rai yangu ni kwamba jambo hili si la insafu, na kwamba halipatani na ahadi ambayo serikali zetu zilijifunga nayo.

Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Arusha tarehe 2 Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005, na muradi wake ulikuwa kuzifanya nchi zetu ziwe eneo moja mbele ya ulimwengu, zenye ushuru mmoja kwa bidhaa zitokazo nje. Lakini kwa kuwa gari lililotengenezwa Japani halihesabiki kuwa zao la Afrika Mashariki, halipati haki ya kuvuka bure ipatwayo na bidhaa za kwetu, hata likiwa limeendeshwa Kenya miaka mingapi. Tena hata huo ushuru wa pamoja umekwisha kuachana njia: Kenya mwaka 2023 ilipandisha ushuru wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35, ilhali Tanzania imebaki kwenye 25.

Natutazame hesabu yenyewe, maana ndiyo imkatishayo mtu tamaa. Mtu wa Tanga amepewa na kaka yake wa Mombasa gari dogo la injini ya sentimita za ujazo 1,500, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, na maafisa wamelithamini kwa shilingi milioni 10 za Tanzania. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 hulifikisha milioni 12.5, juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ajili ya ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uchakavu, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya vyote vilivyotangulia, yaani kodi juu ya kodi. Mwisho wa hesabu, pasipo kutaja tozo nyingine ndogo ndogo wala ujira wa wakala, atadaiwa karibu milioni 10, thamani ya gari zima. Nao uchakavu huo gari halikuja nao kutoka ng'ambo, maana Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Kwa hiyo gari hilo liliingia Mombasa likiwa bado na nguvu zake, likatozwa kila haki ya serikali, na lilichakaa humu humu Afrika Mashariki kwa kuwatumikia watu wetu.

Asiyeweza kulipa hugeukia vibali vya muda. Huvuka na namba za Kenya, akakaa hata siku za kibali zikaribie kwisha, akarudi mpakani kuomba kingine, na maisha yake yakawa ya hofu kila aonapo askari wa barabarani. Wengine huangukia mikononi mwa madalali wauzao magari yenye kadi za kughushi, na hapo ndipo msiba ulipo: afisa huinama na tochi, akasoma namba ya chasisi tarakimu kwa tarakimu akiilinganisha na karatasi, na ikipungua hata moja gari hubaki uani kwa forodha, jua na mvua vikiligawana, ilhali dalali haonekani tena. Mnunuzi asitoe hata senti kabla ya namba hiyo kuhakikishwa na mamlaka za nchi zote mbili.

Najua hoja ya wenye dhima ya hazina. Husema kwamba fedha iliyolipwa Mombasa imeingia Nairobi, na Dar es Salaam haikupata kitu, ilhali gari litatumia barabara za Tanzania. Hoja hiyo ina uzito, ila jawabu lake lilikwisha kupatikana zamani. Katika Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977, bidhaa ya ng'ambo iliyotozwa ushuru katika nchi moja ikaenda kutumika katika nchi nyingine, ushuru wake ulihamishiwa hazina ya nchi iliyoitumia. Makarani waliyafanya hayo kwa kalamu na madaftari. Leo forodha za nchi hizi zina mitambo iwezayo kupelekeana habari kwa dakika chache, na bidhaa nyingi ziendazo Uganda hulipiwa kodi za Uganda kabla hazijaondoka Mombasa. Haistahili kushindwa sasa lile lililowezekana wakati ule.

Mawaziri wetu wa fedha hushauriana juu ya viwango vya ushuru kila mwaka kabla ya bajeti za Juni. Jambo hili liwekwe mbele yao, na waanze na lililo jepesi. Sheria ya forodha ya mwaka 2004 humsamehe mtu anayehamisha makazi gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa muda usiopungua miezi 12. Basi gari moja la raia wa nchi mwanachama, lililolipiwa na kutumiwa ndani ya Jumuiya kwa muda kama huo, lihesabiwe kuwa limelipiwa. Tofauti ya viwango, ikiwapo, ndiyo peke yake adaiwe mwenyewe, na hazina mbili zimalizane zenyewe kwa zenyewe.