Mashine yahitaji kuwahi, si mbio



Nataka kutoa maoni yangu juu ya mashine zinazoendeshwa na kompyuta, ambazo sasa zinaingia katika karakana za vijana wetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Mwaka jana kikundi cha vijana, ambao wengi wao niliwafundisha, kilikopa fedha kikanunua mashine ya kuchongea mbao. Muuzaji aliisifu sana kompyuta yake kwa kasi. Siku moja mashine ikiwa inachonga ubao wa mlango, kijana mmoja alifungua mchoro mwingine katika kompyuta ile ile. Mashine ikasita, kisha ikaenda kombo. Kisu kilivunjika na kipande kikapita karibu na sikio la mwenzake. Tunamshukuru Mungu hakuumia, lakini mkopo uko pale pale.

Fundi aliyekuja kuitazama alisema kosa si la kijana. Ndani ya kompyuta kuna kiini cha mfumo endeshi, ambacho ndicho kinachoamua kazi ipi ifanywe sasa na ipi ingoje. Kiini cha kompyuta ya ofisini hugawa zamu tu. Barua ikichelewa kidogo kutokea kwenye kioo, hakuna anayepata hasara. Mashine haiwezi kungoja. Tufanye hesabu. Mota ya kwenda kwa hatua, inayotumika sana katika mashine hizi, kwa kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ikiwa mzunguko mmoja unasogeza kisu milimita 5, basi ili kisu kiende milimita 25 kwa sekunde, zinatakiwa amri 1,000 kila sekunde. Amri zikikatika kisha zikaja kwa pupa, mota hupoteza hatua, na mashine haina habari kuwa imepotea.

Wapo wasemao kuwa dawa ni kununua kompyuta yenye mbio zaidi. Sikubaliani nao. Shuleni hatumchagui mgonga kengele kwa mbio zake. Akiwahi siku tisa na ya kumi akachelewa, ratiba yote imevurugika. Vivyo hivyo, swali la kumwuliza muuzaji si kompyuta ina kasi gani, bali ikizidiwa na kazi, huchelewa kwa muda gani mwisho wake?

Viini vilivyotengenezwa kwa kazi hii vipo. FreeRTOS, iliyoanzishwa na Richard Barry mwaka 2003, hutolewa bure na huenea ndani ya chipu ndogo. Linux, ambayo kwa miaka mingi ilibidi ibandikwe viraka ili iwahi, ina uwezo huo ndani yake tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024, ingawa sharti uuchague wakati wa kukiunda kiini.

Lakini kiini kizuri peke yake hakitoshi. Mwaka 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua katika sayari ya Mirihi kikitumia VxWorks, kiini cha kazi hizo hasa. Kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha. Kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilikuwa imeshika kitu kinachongojwa na kazi kubwa, na kazi za kati zikaizuia ile ndogo isimalize. Dawa ilikuwamo katika kiini chenyewe, ila haikuwa imewashwa. Wataalamu waliiwasha wakiwa huku huku duniani.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, amri za mota zipewe chipu yake yenye kiini cha kuwahi, na kompyuta ya kawaida ibaki na michoro. Pili, muuzaji aijaribu mashine mbele ya mnunuzi huku kompyuta ikiwa imelemewa na kazi. Tatu, kitufe cha kusimamisha mashine kikate umeme chenyewe bila kungoja programu yoyote.

Vyuo vya ufundi navyo viwafundishe vijana mambo haya kabla hawajakopa. Kidole kikishakatika hakirudi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mufindi, Iringa.