Mpira Unaodunda Ni Mwalimu

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi na za sekondari kuandika programu za kompyuta. Hatua hiyo ilistahili pongezi, nasi tunaiunga mkono. Lakini kuidhinisha mtaala ni jambo moja, na kuufundisha ni jambo jingine. Twahofia somo hili lisije likageuzwa la kukariri, mtoto akataja sehemu zote za kompyuta na kufaulu mtihani, ilhali hawezi kuiamuru mashine ifanye lolote.

Maoni yetu ni kwamba mwanafunzi aanze kwa kazi ndogo aielewayo: kuifanya kompyuta ichore mpira unaoanguka na kudunda. Huo si upuuzi. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, wataalamu wa MIT huko Marekani waliitumia kazi iyo hiyo kuonyesha uwezo wa kompyuta yao iliyoitwa Whirlwind.

Kanuni zake ni chache. Mpira uangukapo, kasi yake huongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Kompyuta huikadiria kasi hiyo kila baada ya muda mfupi sana, kisha huusogeza mpira ipasavyo. Ukifika sakafuni, kasi hugeuzwa kuelekea juu na kupunguzwa. Ikibakizwa asilimia 80 ya kasi, mpira ulioachiwa kutoka sentimita 100 utapanda hadi sentimita 64, kisha 41 hivi. Mwanafunzi atauliza: mbona si 80? Atajibiwa kwamba kimo hufuata mraba wa kasi, na hapo atakuwa ameingia katika fizikia kwa hiari yake.

Akisahau kupunguza kasi, mpira hautatulia kamwe. Akisahau kuigeuza, utazama sakafuni. Kosa hujionyesha lenyewe, naye hulisahihisha bila kukemewa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Shule isiyo na umeme nayo isikate tamaa. Hesabu hizo zaweza kufanywa daftarini, kisha zikalinganishwa na mpira halisi uliopimwa kwa rula ukutani.

Twaiomba Wizara ya Elimu iwaandae walimu kwa njia hii, na mitihani ipime kile mtoto awezacho kukitenda. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kununua maarifa ya wengine huku vipawa vya watoto wetu vikipotea bure.