Kiwanda Hakiponi kwa Kununua Mfumo Mpya

Imani moja imeota mizizi kwenye ofisi za viwanda vyetu vya Dar es Salaam, kuanzia Chang'ombe na Kurasini hadi huku Mbagala kando ya Barabara ya Kilwa: kwamba programu ya ndani ya kiwanda ikishazeeka, dawa yake ni kuing'oa na kununua nyingine. Stoo ikionyesha kuna nyuzi huku mashine zimesimama kwa kukosa nyuzi, lawama inakwenda kwa mfumo. Mzigo ukichelewa kutoka getini kwa sababu hati haijachapwa, ni mfumo. Hesabu za mwisho wa mwezi zikikataa kufungwa, ni mfumo, tena wa kizamani. Kisha anaitwa muuzaji, anakuja na kompyuta mpakato iliyojaa picha za rangi, na bodi inaamini kwamba tatizo la miaka mingi litaisha kwa saini moja. Naipinga imani hiyo. Programu ya zamani inaweza kuwa mbaya, ngumu na ya kuchosha macho, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kuing'oa yote kwa mkupuo ni kukinyang'anya kiwanda maarifa ambayo hayajaandikwa mahali pengine popote.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha khanga, kwa kuwa Mbagala na khanga za kiwanda cha KTM ni majina yaliyozoeleka pamoja. Kitambaa kibichi kinapokewa kwa jora. Kinapaushwa na kuchapwa kwa mita. Kinauzwa Kariakoo kwa doti. Katika safari hiyo kitambaa kinasinyaa, vipande vya mwanzo vinaharibika wakati rangi inasawazishwa, na vingine vinashushwa daraja kwa sababu pindo limekwenda upande. Anayeandika programu ya kiwanda cha namna hiyo analazimika kuamua mita ngapi zihesabiwe kuwa hasara ya kawaida, nani aruhusiwe kuidhinisha zinazozidi, na doti yenye dosari iingie kwenye hesabu gani. Uamuzi huo hauandikiwi kitabu. Unaingia kwenye mistari ya programu, na kila fundi anayekuja baadaye anaongeza wake: mwaka 2010 zilipoanza mashine za EFD za kutolea risiti za kodi, mwaka mwingine mteja mkubwa alipotaka ankara zipangwe kivyake, mwaka mwingine tena baada ya wizi kugundulika stoo. Dirisha la kijivu linalochekwa na vijana wa ofisini lina ndani yake makubaliano ya miaka mingi kati ya stoo, uzalishaji, mauzo na uhasibu. Baadhi yamepitwa na wakati. Mengine ndiyo yanayokifanya kiwanda kisidanganywe. Kwa kutazama rangi ya vitufe huwezi kujua yapi ni yapi, na muuzaji wa mfumo mpya hawezi kabisa.

Upande wa pili wa maarifa hayo hauko ndani ya kompyuta. Uko kwenye kaunta buku ya mtunza stoo, kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, na kwenye kundi la WhatsApp la wasimamizi wa zamu. Popote mfumo unaposhindwa kusema ukweli, wafanyakazi hufungua daftari la kando ili kazi iende. Mameneja wengi huyaona madaftari hayo kama utovu wa nidhamu, na huagiza yafutwe siku mfumo mpya unapowashwa. Huo ndio upofu mkubwa kuliko wote. Kila safu iliyochorwa kwa rula kwenye kaunta buku inataja kitu ambacho programu ilipaswa kukiuliza na haikukiuliza. Anayetaka kuunda upya chombo cha ndani cha kiwanda hana mchoro bora kuliko huo, na anaupata bure.

Dunia imelipa fedha nyingi kujifunza jambo hili. Mwaka 1999 kampuni ya chokoleti ya Hershey, Marekani, iliwasha mfumo mpya uliogharimu dola milioni 112, na ikauwasha Julai, wakati oda za sikukuu ya Halloween zinaanza kumiminika. Kazi iliyokadiriwa kuhitaji miaka minne ilikuwa imebanwa ndani ya miezi 30. Chokoleti zilikuwepo, maduka yalizihitaji, lakini oda za takriban dola milioni 100 hazikufikishwa kwa wakati. Moja ya sababu zilizotajwa baadaye inapaswa kumkosesha usingizi kila meneja wa kiwanda: katika misimu ya haraka, wafanyakazi walizoea kuhifadhi mzigo kwenye vyumba vya ziada ambavyo mfumo mpya haukuvitambua kama stoo. Watu walijua mzigo ulipo, kompyuta haikujua, na safari hii kompyuta ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 2018, kampuni ya vipodozi ya Revlon ilikwama kwa namna inayofanana katika kiwanda chake cha Oxford, North Carolina, baada ya kuwasha mfumo mpya. Mwaka huohuo Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, ilitupa mradi wa miaka saba uliokwisha kula takriban yuro milioni 500. Lidl ilizoea kuhesabu mali yake kwa bei ya kununulia, ilhali programu iliyonunuliwa ilitengenezwa kwa bei ya kuuzia. Wapo wanaosema Lidl ingebadili mazoea yake tu. Huenda ingeweza. Lakini swali hilo lilipaswa kujibiwa na watu wa stoo na uhasibu kabla ya mkataba, na kwenye kiwanda cha jora, mita na doti, swali la jinsi ya kuhesabu linakuja mara tatu.

Hapa nyumbani tuna mfano wa njia nyingine, na umepita kwenye mikono ya karibu kila mwenye mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Mfumo wa kimataifa unaotumiwa na mita hizo ulikuwa unahesabu dakika tangu Januari 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Baada ya tarehe hiyo mita isiyorekebishwa isingepokea umeme mpya. Hakukuwa na sababu ya kung'oa mita nyumba kwa nyumba kuanzia Charambe hadi Bunju. Mteja alinunua umeme akapewa makundi matatu ya tarakimu 20, akaingiza mawili ya kwanza kurekebisha mita, kisha la tatu likawa umeme wenyewe. Usumbufu ulikuwepo, hasa kwa wazee na kwa wapangaji wanaochangia mita moja. Hata hivyo, kilichofanyika ni uhandisi wa watu wenye akili: kutafuta sehemu inayokufa, kuibadilisha hiyo, na kuiacha iliyobaki ifanye kazi yake.

Najua hoja zinazonisubiri. Ya kwanza ni usalama, na ni nzito. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP Aprili 2014, na kompyuta ya namna hiyo ikiunganishwa na mtandao wa kiwanda ni mlango usio na komeo. Nakubali, ibadilishwe leo. Lakini kubadilisha kompyuta na mfumo endeshi si sawa na kutupa kanuni za kazi zilizomo kwenye programu. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ambayo zana yake iliachwa kutunzwa tangu Aprili 2008, bado zinaendeshwa kwenye Windows za leo. Kuna muda wa kuhamisha sehemu moja baada ya nyingine, iwapo kiwanda kinautumia muda huo badala ya kuulalia.

Hoja ya pili ni serikali: Mamlaka ya Mapato (TRA) inadai mambo ambayo programu ya zamani haikuyaota. Ni kweli, na itaendelea kudai. Baada ya EFD zikaja stempu za kodi za kielektroniki mwaka 2019 kwenye vileo na sigara, kisha vinywaji baridi. Kila badiliko la namna hiyo hugusa ukingo wa mfumo, pale kiwanda kinapozungumza na wa nje, na ukingo unaweza kujengwa upya peke yake. Tena hoja hii inamrudia anayeitoa, kwa sababu mfumo mpya nao utakutana na kanuni inayofuata, na safari hii anayeruhusiwa kuugusa atakuwa muuzaji aliye nje ya nchi, kwa ada anayoipanga yeye.

Ya tatu husemwa kwa kujiamini sana: siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, sava ya chumbani ni ushamba. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kiwanda ambacho hati ya getini inatolewa na sava ya ng'ambo hakina la kufanya siku kama hiyo, na malori yanapanga foleni Barabara ya Kilwa. Hifadhi nakala mtandaoni, tuma ripoti kwa njia hiyo, lakini stoo, mizani na geti vifanye kazi intaneti ikiwepo au isipokuwepo.

Kinachotakiwa basi ni kazi ya subira. Anayeunda upya chombo hiki akae zamu ya usiku, wakati hakuna meneja wa kuulizwa, aone mtunza stoo anavyoomba idhini ya jora moja. Aanze na ukurasa mmoja unaoumiza zaidi. Auandike kwa Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya sakafu ya kiwanda, na makosa mengi yanayoitwa uzembe wa karani ni maagizo ya Kiingereza yaliyokisiwa maana. Ukurasa mpya na wa zamani ziende sambamba hadi zipite kuhesabu mali na kufunga mwezi, na zikitofautiana, tofauti itafutwe hadi ipatikane, kwa sababu humo ndimo kanuni iliyosahaulika inapojitokeza.

Watasema kazi hiyo haina mwisho. Haina, kama matengenezo ya boila yasivyo na mwisho. Kiwanda kinamlipa fundi wa boila na fundi umeme mwaka mzima bila kuuliza watamaliza lini, lakini programu inayoamua nyuzi ziende mashine gani na mzigo gani utoke, haina hata mwajiriwa mmoja wa kuitunza. Fedha inayotengwa kwa mfumo mpya ingeweza kuwalipa vijana wawili wa hapa hapa Temeke kwa miaka kadhaa, wakiwa ndani ya kiwanda, wenye ruhusa ya kuufungua mfumo na wajibu wa kuandika wanachokikuta humo. Bodi iziweke kwanza nafasi hizo mbili kwenye bajeti, ndipo imwite muuzaji, naye aje kujibu maswali ya watu wanaoujua mfumo wao.