Mabaka ya Kifaru na Rangi za Tana

Waliokiita kifaru chombo hiki cha vita hawakukosea hata kidogo. Faru ni mnyama mzito, mwenye pembe mbele na ngozi mfano wa deraya, na akishaanza mbio hana habari ya kukwepa mti. Lakini ana tabia nyingine ambayo aghalabu hatuitaji. Hugaagaa topeni, na tope likishamkaukia ngozini huwa na rangi ya pale pale alipo. Penye udongo mwekundu faru ni mwekundu, na penye udongo wa kijivu ni wa kijivu. Rangi yake haikuletwa na meli.

Wanadamu somo hilo walichelewa kulisoma. Wafaransa waliunda kikosi cha kuficha zana za vita mwaka 1915, na waliowaweka humo walikuwa wachoraji wa picha, watu wa brashi na turubai. Mwaka 1941 vifaru vya Wajerumani viliposhushwa Tripoli, Libya, vilikuwa vya kijivu kilichokoza, rangi ya Ulaya. Ikawabidi askari wavipake mchanga na matope ndipo vifanane na jangwa. Walifanya alivyofanya faru.

Siku hizi mambo yameendelea mbali. Katika miaka ya 1980 majeshi ya NATO yalishika mabaka ya rangi tatu, kijani, hudhurungi na nyeusi, yaliyokatwa ovyo ili jicho lisiuone ukingo wa chombo. Wataalamu wakagundua kwamba jani hai hurudisha mwanga fulani ambao jicho letu halioni ila mtambo huuona, na rangi ya kijani ya kawaida hairudishi mwanga huo. Basi wakatengeneza rangi ya kulihadaa hata jicho la mtambo. Mwaka 2011 kampuni ya BAE Systems ilionyesha vigae vya kubandikwa ubavuni mwa kifaru, vyenye kupoa na kupata moto kwa amri, hata chombo kikionekana kwa kamera za joto kama gari dogo tu. Na pamoja na hayo yote, vita vya Ukraine vilivyopamba moto mwaka 2022 vimeonyesha kwamba kidege kidogo kisicho na rubani hukiona kifaru kwa vumbi lake na alama za minyororo yake, rangi iwe iwavyo.

Sasa kichukue kifaru hicho ukilete Tana. Utakipaka rangi gani? Ukingoni mwa mto pana msitu mbichi, mikindu na mikuyu na miembe ya Wapokomo, kijani kitupu. Ukitembea maili moja au mbili tu kuuacha mto, kijani kimekwisha, unakutana na miba ya kijivu na vumbi. Chini ya Garsen, kuelekea Kipini, udongo ni mweusi wa kunata. Masika ikija, au mafuriko kama yale ya 1997 na 2023, penye malisho pana ziwa. Nchi moja ina rangi nne kwa mwaka. Na ile T-72 ya tani 41 na ushei, nina shaka kama ingevuka udongo ule mweusi wakati wa mvua. Ingekwama, na kilichokwama hakina haja ya mabaka.

T-72 nimeitaja kwa kuwa sisi watu wa Pwani tunaijua. Ndiyo iliyokuwamo ndani ya meli Faina, vifaru 33, ilipotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008, ikaingia Mombasa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa. Tuliambiwa ni vya jeshi letu. Mwaka 2010 barua za mabalozi wa Marekani zikafichuka, zikasema vilikuwa vya Sudan Kusini. Kumbe yaliyokuwa na mabaka ni makaratasi!

Lakini ninalotaka kulisema hasa ni hili. Katika Berlin ya miaka ya 1980, Waingereza walivipaka vifaru vyao vipande vya mraba vya nyeupe, kijivu na hudhurungi ili vifanane na kuta na madirisha ya mji. Kazi ya maarifa, na ilikuwa na maana, kwani adui wao alikuwa ng'ambo ya ukuta. Je, gari la deraya lenye mabaka likisimama sokoni Garsen, baina ya mama muuza maembe na Muorma aliyeleta ng'ombe, linajificha na nani?

Kanga, yule ndege, madoa yake humficha kichakani. Madoa hayo hayo ukiyatia kwenye leso ukaivaa harusini, macho yote ni kwako. Ndivyo yalivyo mabaka ya jeshi mjini. Hayafichi chochote. Husema kwamba hapa ni uwanja wa vita, na wewe raia huenda ukawa ndiwe adui.

Na Tana haikupungukiwa na hofu. Agosti 2012 waliuawa watu zaidi ya 50 kijijini Riketa, na Septemba 10 wakauawa wengi Kilelengwani, wakiwamo askari polisi. Serikali ikaleta vikosi na amri ya kutotoka nje usiku. Mwanakijiji wa wakati kama huo jambo la kwanza analotaka ni kumjua anayekuja, kumtambua kwa mbali, kabla hajaamua kukimbia au kukaa.

Askari wa Kenya wenyewe wanalijua hili. Wamehudumu Sierra Leone na Sudan Kusini chini ya Umoja wa Mataifa, ambao magari yake ni meupe pepepe ili kila mtu ayaone. Wageni tumewaendea kwa gari jeupe. Wananchi wetu kwa nini tuwaendee kwa mabaka? Mwaka 2018 polisi wa kawaida walivishwa sare za buluu, jambo jema, ila likaishia kwenye nguo.

Mtu ataniuliza: na msitu wa Boni je, na mabomu ya njia ya Lamu? Nakubali. Hila ya vitani ina ruhusa yake, hata wanavyuoni wetu hawakuikataza. Anayeingia Boni na apake mabaka, tena ya udongo wa kule kule. Lakini pale Minjila njia hugawanyika, moja ikaenda Witu na Lamu, nyingine Garsen na Hola. Gari la kushika hii ya pili, kwenda kulinda soko na shule, lipakwe rangi moja inayojulikana, na ubavuni liandikwe kwa herufi kubwa za Kiswahili ni la kikosi gani na namba yake ngapi, mzee aliyekaa chini ya mwembe aweze kuisoma.