Maoni: Filamu za kubuni za kisayansi zinaicheka dunia, na Likasi inajua kwa nini

Mwaka 2021 filamu ya Kimarekani iitwayo Don't Look Up iliwachekesha watu wengi duniani. Wanasayansi wawili wanagundua nyota yenye mkia inayokuja kuigonga dunia. Serikali inarusha roketi za kuisukuma kando, lakini roketi hizo zinarudishwa zikiwa bado njiani. Tajiri wa kampuni ya simu amemweleza rais kwamba ndani ya nyota hiyo kuna madini adimu yanayotumika kutengeneza simu na kompyuta, na kwamba thamani yake ni matrilioni ya dola. Wakubwa wanaamua ichimbwe kwanza. Mwisho wake dunia inaangamia.

Katika nchi nyingi kisa hicho kilichukuliwa kuwa mzaha uliotiwa chumvi. Mjini Likasi, jimboni Haut-Katanga, hakina ugeni mkubwa. Mji huo, ulio umbali wa kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi, uko kwenye barabara ambayo malori hubeba shaba na kobalti kutoka upande wa Kolwezi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na madini hayo huingia kwenye betri za simu na magari ya umeme. Uamuzi wa kuchimba kwanza na kuuliza baadaye umekuwa ukifanywa hapo kwa zaidi ya miaka 100, bila kamera.

Filamu za kubuni za kisayansi huchukuliwa na wengi kama burudani ya vijana: roboti, vyombo vya angani na risasi za mwanga. Zile zilizo bora ni kejeli. Huiweka siasa ya leo katika mwaka wa mbali ili isemwe bila woga, na humchukua mnunuzi wa leo wakamfanya katuni ili ajitazame. Kejeli hiyo inaeleweka vizuri zaidi mahali kama Likasi kuliko mahali ilikotengenezwa. Huko Likasi ndiko pia kasoro yake kubwa inakoonekana: karibu kila mara inaishia dukani, haifiki mgodini.

Kampuni iliyokuwa baba na mama

Katika RoboCop ya mwaka 1987, jiji la Detroit linamkabidhi mfanyabiashara kikosi chake cha polisi. Kampuni hiyo hiyo inatengeneza silaha, inaendesha hospitali na magereza, na inataka kubomoa jiji la zamani ijenge lake. Katika WALL-E ya mwaka 2008, kampuni ya maduka imekuwa ndiyo serikali. Imeijaza dunia takataka, kisha imewapakia wateja wake kwenye chombo cha angani, ambako wananenepa vitini wakinywa chakula kwa mrija.

Kwa Mmarekani, hilo ni onyo la yatakayokuja. Kwa wazee wa Likasi, ni kumbukumbu. Mji ulianza mwaka 1917 kama kituo cha madini. Ukapewa jina Jadotville, kutokana na Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kampuni ya Union Minière. Mji mzima ukabeba jina la mkubwa wa kampuni hadi mwaka 1966, ulipoitwa rasmi Likasi. Kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali, posho ya unga, na hata maonyesho ya sinema kambini. Watu wa Katanga walizoea kusema kampuni ndiyo baba na mama. Gécamines, iliyorithi migodi hiyo baada ya kutaifishwa, ilirithi pia ubaba huo.

Baba huyo alipofilisika, watoto waliachwa mlangoni. Mwaka 2003 Gécamines iliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mpango huo uliitwa "kuondoka kwa hiari". Mwandishi yeyote wa filamu za kejeli angeuonea wivu msemo huo, maana ndivyo kampuni za kwenye RoboCop zinavyozungumza: maneno laini juu ya jambo gumu. Familia nyingi za Panda, Shituru na Kikula zilijua maana halisi ya neno hiari kabla hawajaiona filamu yoyote inayolicheka.

Siasa iliyoitangulia filamu

Wanaodai kwamba filamu hizi ni za Wazungu na hazihusu siasa za Kongo wamesahau televisheni ya Zaire. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya jioni ilianza kwa uso wa Rais Mobutu ukitokeza katikati ya mawingu, kana kwamba anashuka kutoka mbinguni. Kama picha hiyo ingewekwa kwenye filamu leo, wahakiki wangesema mwongozaji amezidisha.

Roketi nazo zilikuwapo, na hazikuwa za kubuni. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliipa kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG haki ya kutumia eneo la kama kilomita za mraba 100,000 huko Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Roketi ya kwanza ilirushwa mwaka 1977. Mwaka 1978 nyingine ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe, ikashindwa. Mwaka uliofuata mradi ulikuwa umekwisha nchini Zaire. Nchi ambayo barabara zake za vijijini zilikuwa zikioza ilikuwa imekodisha anga. Hicho ni kiini cha kejeli ya kisayansi: kuweka chombo cha mbinguni juu ya shida ya ardhini ili pengo lionekane.

Mwongozaji wa Kamerun, Jean-Pierre Bekolo, alilifahamu hilo. Filamu yake Les Saignantes ya mwaka 2005 inatokea mwaka 2025, uliokuwa mbali wakati ule. Wasichana wawili wanahangaika na maiti ya mkubwa wa serikali, katika nchi ambayo mazishi yamekuwa sherehe na cheo kinanunuliwa usiku. Maandishi yanayojitokeza kwenye skrini yanauliza jinsi ya kutengeneza filamu ya wakati ujao katika nchi isiyo na wakati ujao. Filamu hiyo ilipata Farasi wa Fedha katika tamasha la FESPACO mwaka 2007. Swali lake bado linangoja jibu kutoka Yaoundé, Kinshasa na Lubumbashi.

Mlaji ni nani?

Kiswahili kina neno linalobana vizuri zaidi kuliko lugha nyingine katika mjadala huu. Mnunuzi wa bidhaa huitwa mlaji. Kiongozi anayefuja mali ya umma naye husemwa kuwa anakula. Kwa hiyo "jamii ya walaji" ina maana mbili kwa mpigo, na wahenga walikwisha kuipa kauli yake: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

John Carpenter aliutengenezea ulaji huo miwani. Katika They Live ya mwaka 1988, kibarua asiye na makao anaokota miwani ya giza, na kila tangazo la biashara linageuka amri: tii, nunua, lala. Watawala na matajiri wengi wanaonekana kuwa viumbe kutoka sayari nyingine. Crumbs, iliyopigwa Ethiopia na Mhispania Miguel Llansó na kutoka mwaka 2015, inafika upande wa pili wa safari hiyo. Dunia imekwisha, na waliobaki wanathamini midoli ya plastiki kama vitu vitakatifu huku mmoja akimsujudia mcheza mpira wa kikapu Michael Jordan.

Kejeli hizo ni kali, lakini zina upofu wa pamoja. Zinamwona anayenunua, anayeuza na anayetupa. Hazimwoni anayechimba. Hata Don't Look Up, inayozungumzia madini waziwazi, inayaweka kwenye nyota isiyo na wakazi. Ni rahisi kucheka uchimbaji mahali ambapo hakuna mchimbaji. Black Panther ya mwaka 2018 nayo iliuvutia ulimwengu kwa Wakanda, nchi ya Kiafrika yenye madini ya ajabu ambayo haijawahi kutawaliwa. Wakanda ilionekana kwa mara ya kwanza katika vitabu vya katuni mwaka 1966, mwaka uleule Jadotville ilipoitwa Likasi. Moja ilipata madini, mamlaka na fahari. Nyingine ilipata jina jipya.

Kutoka Shinkolobwe hadi Godzilla

Mgodi wa Shinkolobwe hauko mbali na Likasi. Urani yake ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa na Marekani katika mradi wa bomu la atomiki. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani hadi New York. Agosti 1945 bomu la urani likaangushwa Hiroshima.

Miaka tisa baadaye, mwaka ambao Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni katika Bahari ya Pasifiki na kuwamwagia mionzi wavuvi wa Kijapani, Japani ilitoa filamu ya Godzilla. Mnyama anaamshwa na majaribio ya mabomu na kuja kubomoa Tokyo. Tangu hapo kumekuwa na mamia ya filamu za viumbe waliozaliwa na mionzi. Zinamwonyesha mwanasayansi, jenerali na jiji linaloungua. Hazimwonyeshi mfanyakazi wa Katanga aliyelipakia jiwe lile.

Hadithi ya Shinkolobwe haikuishia vitani. Januari 2004 rais aliamuru mgodi ufungwe. Wachimbaji wadogo, wale ambao Likasi nzima inawaita creuseurs, waliendelea kuingia humo kutafuta kobalti. Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wanane. Walikuwa wakichimba mali ya simu za mkononi ndani ya kaburi la bomu. Kama kuna mahali ambapo kejeli ya vita na kejeli ya ulaji zinakutana kwenye shimo moja, ni hapo.

Afrika imeanza kujisemea

Pengo hilo limeanza kuzibwa. Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu ya dakika kama 20 kuhusu watu wanaoishi wamefungiwa baada ya vita vya maji, wakizalisha umeme kwa miili yao na kunywa vidonge vya kuzuia ndoto. Mwaka 2019 Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alipiga Zombies mjini Kinshasa, filamu fupi inayowacheka watu waliogeuzwa mizuka na simu zao.

Iliyogusa shina ni Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Ilipigwa Rwanda, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Inaanzia kwenye machimbo ya koltani, ambako mlinzi anamuua mchimbaji kijana. Ndugu yake anakimbia na kujiunga na watu wanaoishi katika kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, na kutoka hapo wanaivamia mitandao ya dunia. Kwa mara hii mchimbaji si kivuli cha nyuma. Ndiye anayeuliza maswali.

Katanga yenyewe ilikuwa na mtangulizi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya Zaire, akaisimulia kwa Kiswahili cha Katanga kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, na picha zake za mwisho zilikuwa za wakati ujao. Hakuwa na kamera wala studio. Alikuwa na rangi, turubai la kuunga, na ujasiri wa kukisia mwisho wa utawala uliokuwa bado na nguvu. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 hakusikika tena.

Kejeli inahitaji mtazamaji

Kuna hoja ya kupinga yenye uzito. Kejeli hizi zinauzwa na kampuni zilezile zinazochekwa. Black Panther iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na fedha hizo hazikupita Wakanda wala Likasi. Anayecheka Don't Look Up anaicheka akiwa ameshika simu yenye kobalti. Je, si usingizi mwingine tu uliopakwa sukari?

Unaweza kuwa usingizi pale mtazamaji anapoachwa peke yake. Afrika Mashariki ina dawa ya hilo. Wasimulizi wa filamu kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania walizichukua filamu za kigeni wakazisema upya kwa Kiswahili, wakimpa adui jina la mtaani na kutia utani wa nyumbani. Mikononi mwa msimulizi hodari, tajiri wa simu anayemnong'oneza rais atatambulika Likasi kabla hajamaliza sentensi.

Hilo halihitaji fedha nyingi. Pumzi inaenea katika kipindi kimoja cha darasani, na muda wa mjadala ukabaki. Shule na parokia za Likasi zenye skrini moja na jenereta zinaweza kuanzia hapo, na idara za utamaduni za jimbo zinaweza kuwasaidia vijana wanaopiga filamu fupi kwa simu badala ya kungoja studio ya mabilioni. Mandhari yapo tayari: mabomba ya moshi ya Shituru, nyumba za kampuni zilizochakaa, foleni ya malori, na mgodi uliofungwa kwa amri lakini ukaendelea kuchimbwa.

Walio na mamlaka watapendelea vijana wa Likasi waendelee kuzitazama filamu hizi kama hadithi za sayari nyingine. Ndiyo sababu ya kuzitazama kwa macho mengine, na kuuliza kila zinapoisha: chuma kile, betri ile, bomu lile, vilitoka shimo gani, na nani alilipwa?