Rili ya bei nafuu: tazama samaki kwanza

Mwenye duka wa Morogoro anayetaka kuagiza rili za ngoma, zile ambazo ngoma yake huzunguka mshipi unaporushwa, asianze na bei. Aanze na samaki.

Bwawa la Mindu, chini ya Milima ya Uluguru, lina perege na kambale. Perege hutaka ndoana ndogo na chambo chepesi. Rili ya ngoma ya bei ya chini hairushi vizuri uzito usiofika gramu 7: ngoma huzunguka kwa kasi kuliko mshipi unavyotoka, na mshipi hufumana. Kwa kambale, anayevuliwa kwa chubwi nzito, rili hiyo inafaa.

Idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye. Ngoma isichezecheze, breki irekebishike kwa urahisi, gia ziwe za chuma au shaba, si plastiki. Ulizia vipuri: rili isiyo na vipuri ni hasara ya mteja leo, na ya duka kesho.

Ushauri wetu: agiza chache. Mtaji mkubwa uende kwenye mishipi na ndoana, bidhaa ambazo mvuvi hurudi kununua.